Je, Wajua? Ndoa za Siri Zilizotikisa Viti vya Enzi vya Ulaya

Katika Ulaya ya Zama za Kati, njia mbili za kupata taji zinajulikana na kila mtu: kuzaliwa nalo au kulipigania. Ilikuwapo ya tatu, nayo ilitumika zaidi ya watu wanavyodhani: kuthibitisha kwamba baba wa mpinzani wako hakumuoa mama yake kihalali. Kesi za namna hiyo zilizaliwa na ndoa zilizofungwa faraghani, na mara nyingi zilifufuliwa wakati bwana au bibi harusi yuko kaburini. Maiti haitoi ushahidi. Hapo ndipo wenye panga na wanasheria wao walipopata kazi.

Maneno ya wawili yalitosha

Je, wajua kwamba kwa karne kadhaa Kanisa lilitambua ndoa iliyofungwa bila padre, bila shahidi na bila karatasi yoyote? Papa Alexander wa Tatu, aliyeongoza kuanzia 1159 hadi 1181, aliweka msimamo kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wahusika wenyewe. Mwanamume akitamka kwamba anamuoa mwanamke huyu sasa, naye mwanamke akaridhia kwa maneno ya namna hiyohiyo, wamekuwa mume na mke mpaka kifo, hata kama waliyasema zizini. Wakiahidiana kuoana siku za usoni, hayo yalikuwa maagano tu. Lakini wakilala pamoja baada ya maagano, ndoa imekwisha kufungwa.

Sheria hiyo ilikuwa na kheri yake. Iliwapa vijana ngao dhidi ya wazazi na mabwana waliotaka kuwaozesha kwa nguvu. Ubaya wake ulijitokeza upesi: yeyote aliweza kuapa kwamba alioa, na yeyote aliweza kuapa kwamba hakuoa. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulikataza ndoa za siri na kuagiza kila ndoa itangazwe kanisani kabla ya kufungwa. Aliyekaidi alipewa toba. Ndoa yake, hata hivyo, ilibaki kuwa ndoa.

Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, jambo hili ni geni kabisa: bila walii na mashahidi wawili, hakuna nikahi. Katika Ulaya ya wakati ule shahidi alikuwa pambo. Na mfalme alikuwa chini ya sheria hiyohiyo iliyomhusu mkulima, isipokuwa mkulima aliacha ng'ombe wawili na mfalme aliacha nchi.

Binti wa miaka 12 na waume wawili

Je, wajua kwamba mama mzazi wa mfalme Richard wa Pili wa Uingereza aliwahi kuwa na waume wawili kwa wakati mmoja? Joan wa Kent, mjukuu wa mfalme Edward wa Kwanza, alifunga ndoa ya siri mwaka 1340 na askari aitwaye Thomas Holland. Joan alikuwa na umri wa miaka kama 12. Holland akaenda zake vitani. Jamaa za binti, ama kwa kutojua ama kwa kujifanya hawajui, wakamwozesha kwa William Montagu, mrithi wa utemi wa Salisbury, na safari hii ilikuwa harusi ya hadharani.

Holland alirudi akiwa hana fedha za kushitaki. Bahati yake ilimkuta mwaka 1346 mjini Caen, Ufaransa, alipomteka kabaila mkubwa, mtemi wa Eu, na kumuuza mateka wake kwa mfalme Edward wa Tatu kwa florini 80,000. Akiwa na mfuko mzito, alipeleka kesi kwa Papa. Hapo katikati alikuwa msimamizi wa nyumba ya Montagu, yaani aliajiriwa kuangalia mali za mwanamume aliyekuwa akiishi na mkewe.

Hukumu ilitolewa Novemba 1349: ndoa ya kwanza ndiyo ndoa, harusi ya hadharani ni batili. Joan akarudi kwa Holland na kumzalia watoto. Holland alipofariki mwishoni mwa 1360, mjane huyo hakukawia. Mwaka uliofuata alikubaliana kwa siri kuolewa na Mwanamfalme Edward, yule aitwaye Mwanamfalme Mweusi, mrithi wa taji la Uingereza. Wawili hao walikuwa ndugu wa damu, ikabidi Papa aombwe ruhusa, na harusi rasmi ikafanyika Windsor Oktoba 1361.

Mtoto wao Richard alitawazwa mwaka 1377. Montagu, yule mume wa kati, bado alikuwa hai, tena aliishi miaka 20 zaidi. Richard alipong'olewa madarakani mwaka 1399, minong'ono juu ya uhalali wa kuzaliwa kwake ilitembea pamoja na mashtaka mengine.

Mfalme aliyesahau tarehe ya harusi yake

Je, wajua kwamba mfalme mmoja wa Ureno alitangaza amemuoa mwanamke aliyekuwa amekwisha kufa miaka 5 kabla? Huyo ni Pedro wa Kwanza, na kisa chake kinastahili kusimuliwa polepole.

Pedro alipokuwa bado mrithi aliozwa Constança Manuel, binti wa kabaila wa Castile. Katika msafara wa bibi harusi alikuwamo msichana wa kumhudumia, Inês de Castro, kutoka ukoo mkubwa wa Galicia. Pedro akampenda mhudumu. Constança alipofariki, Pedro aliishi na Inês waziwazi na kuzaa naye watoto, wakiwamo wavulana João na Dinis. Baba yake, mfalme Afonso wa Nne, aliwaona kaka zake Inês wakizidi kusogea karibu na mwanawe, akaingiwa na hofu juu ya mjukuu wake Fernando, mtoto wa Constança na mrithi halali. Tarehe 7 Januari 1355, Pedro akiwa hayupo, mfalme alikwenda Coimbra na washauri wake. Inês akauawa.

Pedro aliasi, wakapatanishwa, akangoja. Alipopata ufalme mwaka 1357, wauaji watatu walikuwa wamekimbilia Castile. Akafanya mapatano na mfalme wa huko, ambaye naye aliitwa Pedro, wabadilishane wakimbizi. Mmoja wa watatu alinusurika. Wawili, Pêro Coelho na Álvaro Gonçalves, waliletwa Santarém, na mwandishi wa tarehe Fernão Lopes anasimulia kwamba walitolewa mioyo, mmoja kupitia kifuani na wa pili kupitia mgongoni, huku mfalme akitazama kutoka mezani alipokuwa akila.

Juni 1360, katika mji wa Cantanhede, Pedro aliapa mbele ya wakuu wa nchi kwamba yapata miaka 7 nyuma alimuoa Inês kwa siri huko Bragança. Mashahidi walikuwa wawili: Gil, askofu wa Guarda, aliyedai ndiye aliyewafungisha ndoa, na mtumishi wa mfalme aitwaye Estêvão Lobato. Alipoulizwa siku na mwezi, mfalme alisema hakumbuki. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema alimwogopa baba yake. Lopes, aliyeandika katika karne iliyofuata, hakuficha mashaka yake: baba alikuwa amekufa miaka 3 iliyopita, sasa hofu ya nini?

Kwa hiari yake Pedro aliuhamisha mwili wa Inês kutoka Coimbra hadi monasteri ya Alcobaça, na Lopes anasema watu walipangwa njia nzima wakiwa na mishumaa inayowaka. Kaburi la mawe alilomchongea lipo hadi leo. Sanamu ya Inês imelala juu yake, malaika wamemshika kichwa, na kichwani ana taji. Hadithi maarufu kwamba maiti yake ilikalishwa kwenye kiti cha enzi na makabaila wakalazimishwa kuibusu mkono ilitungwa baadaye. Waandishi wa enzi ile hawaijui. Taji la jiwe, hilo halina ubishi, na maana yake ilieleweka na kila aliyeingia kanisani: huyu alikuwa malkia, kwa hiyo wanawe ni wana wa mfalme.

Pedro wa pili, kiapo kilekile

Je, wajua kwamba miaka miwili baadaye jirani yake alitoa kiapo kinachofanana na hicho? Pedro wa Castile, yule wa kubadilishana wakimbizi, alimuoa Blanche wa Bourbon kutoka Ufaransa mwaka 1353, na siku chache tu baada ya harusi akamtelekeza na kurudi kwa mpenzi wake María de Padilla. Mwaka 1354 aliwashurutisha maaskofu wawili watamke kwamba ndoa ya Blanche ni batili, akamuoa Juana de Castro, kisha akamwacha naye baada ya muda mfupi hivyohivyo. Juana huyu alikuwa dada wa Inês kwa upande wa baba. Ukoo mmoja ulitoa mabinti wawili kwa akina Pedro wawili, na wote wawili waliishia kuitwa malkia bila kupata umalkia.

Blanche na María walifariki mwaka uleule wa 1361. Mwaka 1362, mbele ya baraza la nchi mjini Seville, Pedro aliapa kwamba alimuoa María kwa siri kabla ya Blanche kufika. Baraza likakubali, na watoto wa María wakawa warithi.

Mwaka 1369 Pedro aliuawa na Enrique wa Trastámara, ndugu yake wa nje ya ndoa, na Enrique akatwaa taji. Mabinti wa María wakaolewa katika ukoo wa kifalme wa Uingereza. Constanza alichukuliwa na John wa Gaunt, mwana wa Edward wa Tatu, aliyejiita mfalme wa Castile kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mkewe. Isabel aliolewa na mdogo wake John, Edmund. Shika jina la Isabel, tutalihitaji.

Mshonaji aliyemgombeza mfalme

Je, wajua kwamba mfalme Fernando wa Ureno, mrithi wa Pedro wa Kwanza, aliwahi kuukimbia mji wake mkuu usiku kwa kumwogopa mshona nguo? Fernando alikuwa amekubali kwa mkataba kumuoa binti wa mfalme wa Castile. Badala yake akamtaka Leonor Teles, mke wa mtu, ambaye mumewe João Lourenço da Cunha alikuwa hai na mzima. Habari zilipofika Lisbon, umati uliandamana ukiongozwa na mshonaji Fernão Vasques, ukamtaka mfalme aachane na mke wa mwenzake. Fernando aliahidi kuwajibu kesho yake kanisani. Kulipokucha, mfalme hayupo. Mshonaji na wenzake walilipia baadaye kwa maisha yao.

Ndoa ilitangazwa mwaka 1372 huko Leça do Balio. Wakuu waliitwa kuubusu mkono wa malkia mpya. João, mtoto wa Inês, aliubusu. Mdogo wake Dinis alikataa katakata, na mfalme akachomoa jambia amchome, ikabidi azuiwe.

João aliyetii hakufika mbali. Yeye naye alifunga ndoa ya siri, na mke wake alikuwa Maria Teles, dada wa malkia. Kisha akatiliwa sikioni kwamba angeweza kupewa binti wa mfalme, Beatriz, na kiti cha enzi pamoja naye, laiti asingekuwa na mke. Mwaka 1379 alimuua Maria huko Coimbra, mji uleule alikouawa mama yake. Beatriz hakupewa. Akaishia kukimbilia Castile.

Mwanasheria aliyemwondoa kila mrithi

Je, wajua kwamba mwaka 1385 mtu mmoja aliwafanya warithi wote wa Ureno wawe wanaharamu kwa hotuba? Fernando alifariki Oktoba 1383 akiacha mtoto mmoja halali, Beatriz, aliyekuwa mke wa mfalme Juan wa Castile. Kumfuata Beatriz kulimaanisha nchi kumezwa na jirani. Wengine waliwataka wana wa Inês, lakini João alikuwa amefungwa Castile kwa amri ya mfalme Juan, aliyeijua hatari yake, na Dinis alikuwa hukohuko. Mjini Lisbon watu walikuwa nyuma ya mwana mwingine wa Pedro, João, Mkuu wa Shirika la Avis, ambaye mama yake, Teresa Lourenço, hakuna aliyewahi kudai aliolewa.

Baraza likakutana Coimbra. Mwanasheria João das Regras alisimama na kuwafuta mmoja baada ya mwingine. Beatriz? Mama yake alikuwa na mume hai alipochukuliwa na Fernando, kwa hiyo hapakuwa na ndoa. Juan wa Castile? Hana haki isipokuwa ya mkewe, na mkewe hana. Wana wa Inês? Ndoa ya Bragança haina uthibitisho, mume mwenyewe hakukumbuka siku, na zaidi ya hayo Pedro na Inês walikuwa ndugu. Das Regras akatoa barua kuonyesha kwamba Papa aliombwa kuihalalisha ndoa hiyo akakataa.

Hapo kiti kilikuwa wazi, na kiti kilicho wazi hujazwa kwa uchaguzi. Tarehe 6 Aprili 1385 João wa Avis akachaguliwa mfalme. Angalia ujanja wa hoja: João mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, kila mtu alijua. Kwa kuwa wenzake wote walikuwa wameshushwa hadi ngazi yake, uharamu wake haukuwa tena kasoro. Agosti 14 mwaka huohuo jeshi lake lilivunja jeshi la Castile huko Aljubarrota, na baada ya siku hiyo hoja za das Regras hazikupata mtu wa kuzijibu. Mwenye nguvu mpishe.

Kutoka Coimbra hadi Kilwa

Je, wajua kwamba uamuzi huo wa Coimbra ulifika mpaka pwani yetu? Nasaba ya Avis iliyoanzishwa na João ndiyo iliyotuma merikebu kuzunguka Afrika. Kitukuu chake, Manuel wa Kwanza, alipata taji mwaka 1495 baada ya mfalme aliyemtangulia kufiwa na mwanawe wa pekee wa ndoa, aliyeanguka na farasi, na kushindwa kumrithisha mwanawe wa nje. Manuel ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498.

Julai 1505 Francisco de Almeida, kwa niaba ya Manuel huyohuyo, aliuteka mji wa Kilwa. Aliyetawala, Amir Ibrahim, alitoroka. Almeida alijua kwamba haki ya Ibrahim kutawala ilikuwa na utata mjini penyewe, akaitumia: akamweka Muhammad Ankoni, mtu mwenye mali na cheo, na kumvika taji la dhahabu lililokuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa, mji ukagawanyika juu ya nani amrithi, na Wareno wenyewe wakaihama ngome yao mwaka 1512. Nasaba iliyoingia madarakani kwa kuchokonoa uhalali wa warithi wengine ilikuwa imejifunza somo lake vizuri, na ililitumia ugenini.

Bwana harusi mchunga nyumbu

Je, wajua kwamba Ferdinand wa Aragon alikwenda kwenye harusi yake akiwa amevaa kama mtumishi? Isabella, dada wa mfalme Enrique wa Nne wa Castile, alikuwa ameahidi mwaka 1468 kutoolewa bila ridhaa ya kaka yake. Mwaka uliofuata aliamua vingine. Ferdinand, mwenye miaka 17, alivuka mpaka na kundi dogo la watu waliojifanya wafanyabiashara, na kazi yake njiani ilikuwa kuhudumia nyumbu na kuwaandalia wenzake chakula.

Walifunga ndoa Valladolid tarehe 19 Oktoba 1469. Walikuwa ndugu, hivyo ruhusa ya Papa ilihitajika, na ikasomwa: hati ya Papa Pius wa Pili. Pius alikuwa amefariki miaka 5 iliyopita, na hati ilikuwa ya kughushi. Ya kweli ilitolewa na Sixtus wa Nne mwaka 1471, wakati mtoto wao wa kwanza amekwisha kuzaliwa.

Enrique alipofariki mwaka 1474, wafuasi wa Isabella walidai binti wa mfalme, Juana, si wake bali wa mkuu wa ikulu Beltrán de la Cueva, wakamwita Juana la Beltraneja. Vita ilidumu hadi 1479. Isabella alishinda. Juana aliishi Ureno hadi 1530, na hadi mwisho wa maisha yake aliendelea kutia saini kama malkia.

Ruhusa ya mfalme wa miaka 6

Je, wajua kwamba nasaba ya Tudor, ya Henry wa Nane na Elizabeth wa Kwanza, ilitokana na ndoa isiyo na hati hata moja? Catherine wa Valois alibaki mjane wa Henry wa Tano akiwa kijana mwaka 1422. Bunge likahofia atakayemuoa, na likapitisha sheria kati ya 1427 na 1428: mwanamume atakayemuoa malkia mjane bila ruhusa ya mfalme atapoteza ardhi zake. Mfalme wa kutoa ruhusa alikuwa mtoto wa Catherine mwenyewe, na alikuwa na miaka 6.

Catherine akamchagua Owen Tudor, Mwelsi wa nyumbani kwake ambaye hakuwa na ardhi ya maana ya kupoteza. Walizaa watoto kadhaa bila nchi kuambiwa. Alipofariki Januari 1437, Owen alitiwa gerezani Newgate. Mfalme Henry wa Sita alipokua aliwakubali ndugu zake hao wa tumbo moja na kuwapa vyeo. Mmoja wao, Edmund, alimuoa Margaret Beaufort, na mtoto wao akawa Henry wa Saba. Mwaka 1485 Richard wa Tatu alitoa tangazo kwa nchi nzima akimwita Henry mwana wa haramu kwa upande wa baba na wa mama pia. Tangazo hilo lilitoka kwa mtu aliyejua vizuri thamani ya neno hilo, kama utakavyoona.

Mfalme aliyeoa asubuhi akarudi kulala

Je, wajua kwamba Edward wa Nne wa Uingereza alikaa na mke kwa miezi kadhaa bila baraza lake kujua? Inasimuliwa kwamba tarehe 1 Mei 1464 aliwaaga watu wake akajifanya anakwenda kuwinda, akafika Grafton, nyumbani kwa mjane aitwaye Elizabeth Woodville, mama wa watoto wawili ambaye mumewe aliuawa vitani akimpigania adui wa Edward. Kwa mujibu wa mwandishi wa tarehe Robert Fabyan, walikuwapo padre, mama wa bibi harusi, wanawake wawili na kijana wa kumsaidia padre kuimba. Kisha mfalme akarudi kambini na kusingizia uchovu wa kuwinda.

Mama mkwe huyo, Jacquetta wa Luxembourg, alikuwa na uzoefu. Yeye mwenyewe, akiwa mjane wa ami wa mfalme Henry wa Sita, aliolewa kwa siri na Richard Woodville na wakatozwa faini ya pauni 1,000. Elizabeth ni tunda la ndoa hiyo. Na Edward? Babu yake mzaa baba alikuwa mwana wa Isabel wa Castile, binti wa María de Padilla.

Ilipofika Septemba, baraza lilikutana Reading. Warwick, kabaila aliyemsaidia Edward kupata taji, alikuwa mbioni kumposea shemeji wa mfalme wa Ufaransa. Edward akalazimika kusema: nina mke. Warwick hakuisahau aibu hiyo, na miaka michache baadaye aliasi.

Bomu lenyewe lililipuka baada ya Edward kufariki, Aprili 1483. Mrithi, Edward wa Tano, alikuwa na miaka 12, na ami yake Richard akawa mlinzi wake. Tarehe 22 Juni mhubiri Ralph Shaa alisimama katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, London, kuwatangazia watu kwamba watoto wa mfalme si halali. Siku 4 baadaye Richard akatwaa ufalme, akawa Richard wa Tatu. Hoja yake iliwekwa katika sheria ya Bunge la Januari 1484, iitwayo Titulus Regius: kabla ya Elizabeth, Edward alikuwa ameagana ndoa na mjane Eleanor Butler, binti wa Talbot, mtemi wa Shrewsbury. Sheria ikaongeza kwamba ndoa ya Grafton ilifungwa bila matangazo, mahali pasipo patakatifu, tena kwa uchawi wa Elizabeth na mama yake.

Eleanor alikuwa amefariki mwaka 1468. Edward amekufa. Jacquetta amekufa. Mwandishi Mfaransa Philippe de Commynes anamtaja askofu Robert Stillington kuwa ndiye aliyesema alishuhudia maagano hayo. Siku moja baada ya Richard kuuawa vitani Bosworth, Agosti 22, 1485, Henry wa Saba aliagiza Stillington akamatwe.

Henry alitaka kumuoa Elizabeth wa York, binti mkubwa wa Edward, na hakuweza kuoa mwanaharamu. Bunge lake likaifuta Titulus Regius bila kusomwa kwa sauti, na kila mwenye nakala akatakiwa kuirudisha iharibiwe, la sivyo faini na kifungo. Nakala moja ilisalia katika kumbukumbu za Bunge. Lakini kumhalalisha dada kuliwahalalisha na kaka zake, ambao walikuwa wametoweka ndani ya Mnara wa London. Ndiyo maana kijana Perkin Warbeck alipojitokeza mwaka 1491 akidai ni yule mdogo kati yao, alimsumbua Henry miaka mingi, mpaka aliponyongwa mwaka 1499.

Daftari la parokia

Je, wajua mchezo huu ulikomeshwa lini? Tarehe 11 Novemba 1563 Mtaguso wa Trento ulitoa amri iitwayo Tametsi: ndoa isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu ni batili, basi. Paroko akaagizwa aweke daftari la kuandikia majina ya waliooana, mashahidi, siku na mahali. Uingereza, iliyokuwa imejitenga na Roma, ilibaki na sheria ya zamani hadi Bunge lake lilipoibadili mwaka 1753.

Ukizipanga kesi hizi zote pamoja, utaona kwamba ndoa ya siri yenyewe haikumwangusha mtu. Joan alishinda kwa fedha za mateka, João kwa Aljubarrota, Isabella kwa vita ya miaka mitano, Henry kwa Bosworth. Ushahidi ulikuja nyuma ya ushindi, na ulikuja ukiwa umechaguliwa. Kilichokosekana kilikuwa kitu ambacho kabila lolote lenye desturi ya mahari lingekidai tangu siku ya kwanza: watu waliokuwapo. Baada ya 1563, katika nchi zilizoipokea amri ile, mgombea taji aliyetaka kumwita mwenzake mwanaharamu ilimbidi kwanza aende kwa paroko akaombe kufunguliwa daftari.